Injini imefungwa upya, inagoma kuzunguka kwa mkono: anza kutafuta hapa

Injini imefumuliwa, bloku imechongwa, krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) imesagwa, vifaa vipya vimenunuliwa, na kila kitu kimerudi mahali pake. Unaweka boksi spana kwenye bolti ya puli, unavuta, haiendi. Unaongeza bomba kwenye mpini wa spana, bado. Hapo ndipo mtu wa pembeni anaposema, "Funga betri, piga stata, itaachia yenyewe." Usimsikilize. Stata ina nguvu ya kupinda valvu, kuvunja pistoni na kuviringisha beringi kwenye kitako chake, na baada ya hapo hutajua tena kosa la kwanza lilikuwa lipi. Gari kuburuzwa likiwa kwenye gia ni balaa hilohilo kwa nguvu kubwa zaidi.

Mfano wangu mkuu hapa ni dizeli za Toyota za ukoo wa L, yaani 2L, 3L na 5L, kwa sababu ndizo zilizobeba Hiace za daladala na matatu kwa miaka mingi, na ndizo zinazofumuliwa na kufungwa upya kila wiki kwenye gereji zetu. Upande wa petroli nitaigusa 1NZ-FE, ile ya Probox, IST na Vitz. Ukiwa na injini nyingine njia ni ileile, isipokuwa vipimo utavitoa kwenye kitabu cha injini yako.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba injini iliyokwama haitafutwi kwa kuongeza nguvu, inatafutwa kwa kupunguza vifaa. Unalegeza kitu kimoja, unajaribu kuzungusha, unalegeza kingine. Kitu kilichoiachia injini ndicho chenye kesi, au kimekaa juu ya chenye kesi. Anayelegeza bolti kumi kwa mkupuo ataona injini inazunguka na bado hatajua kwa nini.

Kabla ya kuilaumu injini

Kuna mambo ya aibu ambayo huwapata hata mafundi wakongwe. Gari liko kwenye gia. Stata imeng'ang'ania flaiwili. Mkanda wa altaneta au wa kompresa ya AC umekazwa na kompresa yenyewe imekufa. Vua mikanda yote ya nje, weka gia huru, toa stata, halafu jaribu tena.

Toa plagi. Kwenye 3L mgandamizo ni takribani 22 kwa 1, na kuzungusha dizeli ya namna hiyo nozeli (vinyunyizio vya dizeli) na plagi za hita zikiwa zimefungwa ni kushindana na hewa tu. Mgandamizo wa kawaida unautambua: uzito unakuja polepole, spana inakusukuma nyuma, ukishikilia kidogo hewa inavuja kwa mluzi mwembamba na uzito unapungua. Hiyo injini haijakwama. Toa plagi za hita zote nne, ni rahisi kuliko nozeli, na ujaribu upya.

Wakati wa kuzitoa simama pembeni, usichungulie tundu. Ikiwa kuna maji, dizeli au oili juu ya pistoni, mzunguko wa kwanza utaitupa nje kwa kasi. Kimiminika hakigandamizwi, kwa hiyo kikijaa juu ya pistoni injini inasimama kama imegonga ukuta. Fundi aliyemimina oili kwa ukarimu ndani ya silinda "ili ringi zilainike" anaweza kuifunga dizeli kwa kosa hilo pekee, maana nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni ndogo sana.

Angalia pia unakozungusha. Injini nyingi zinazunguka kufuata saa ukizitazama upande wa puli, lakini Honda za zamani, zile za ukoo wa B na D kwa mfano, zinazunguka kinyume. Ukiilazimisha injini upande usio wake unaweza kulegeza bolti ya puli au kurusha mkanda wa taiming (unaofungamanisha krenki na valvu) meno kadhaa, na ukajiongezea tatizo la pili.

Inakwamaje?

Swali hili linaokoa siku nzima ya kazi. Weka alama ya chokaa kwenye puli na nyingine kwenye kava, uisogeze mbele hadi ikwame, kisha irudishe nyuma hadi ikwame tena, na usikilize.

Ikigota ghafla, chuma kwa chuma, mahali palepale kila mara, na ikirudi nyuma kwa wepesi, kuna kitu kinagonga kitu: valvu na pistoni, pistoni na gasketi, uzito wa krenki na sampu (bakuli la oili la chini), au bolti iliyodondokea ndani. Ikiwa nzito sawasawa mzunguko mzima bila kugota, kuna msuguano: beringi zimebana, ringi zimebana, au silinda ni nyembamba kuliko pistoni. Ikiwa nyepesi nusu mzunguko na nzito nusu nyingine, fikiria krenki iliyopinda au silinda moja yenye kasoro. Ikiwa haisogei hata nywele, mbele wala nyuma, mara nyingi ni meni (beringi kuu zinazoibeba krenki kwenye bloku), kutu, au gia boksi iliyofungwa vibaya.

Kumbuka kwamba kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Kwa hiyo kitu cha upande wa valvu kinaweza kukuacha upite mzunguko mmoja safi na kikakugotesha kwenye wa pili. Kipimo cha mzunguko mmoja si kipimo.

Inagota mahali pamoja

Ondoa mkanda wa taiming. Kwenye 3L na 5L hiyo ni kazi ya dakika chache kama radieta bado iko chini. Lakini usiondoe na kuanza kuzungusha hovyo: dizeli hizi pistoni na valvu zake zinagombania nafasi moja. Rudisha krenki kidogo kutoka mahali ilipogota, ifikishe mahali ambapo pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, na hapo ndipo kamshafti iko huru kuzungushwa peke yake. Ikizunguka vizuri, irejeshe kwenye alama yake. Ikiwa ngumu, kesi iko kwenye hedi (kichwa cha injini chenye valvu): kepu, yaani vifuniko vinavyoshika kamshafti, zimebadilishana namba, zimegeuzwa mbele nyuma, au zimekazwa upande mmoja hadi mwisho kabla ya upande mwingine kuguswa. Zilegeze zote, zipange kwa namba na mshale, uzikaze kidogokidogo kwa zamu.

Kamshafti ikiwa sawa na krenki bado inagota ikiwa peke yake, toa kamshafti kabisa ili valvu zote zifunge. Ikizunguka sasa, tatizo ni taiming au valvu iliyokaa wazi. Ikigota bado, kwa dizeli angalia pistoni na hedi.

Kwenye ukoo huu wa L kichwa cha pistoni kinapanda juu ya uso wa bloku kwa sehemu ya milimita, na unene wa gasketi ndio unaotoa nafasi. Ndiyo maana gasketi za hedi zinakuja kwa madaraja yenye herufi B, D na F, na daraja linachaguliwa kwa kupima pistoni imechomoza kiasi gani. Bloku ikipitishwa kwenye mashine kunyooshwa uso, pistoni zinachomoza zaidi, na gasketi nyembamba uliyoinunua kwa mazoea haitoshi tena. Kwenye kaunta ya vipuri, Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, ukisema tu "nipe gasketi ya hedi ya 3L" utapewa iliyopo kwenye shelfu. Nenda na herufi.

Na nenda na jina kamili la injini. Silinda ya 2L ina kipenyo cha milimita 92, ya 3L ni 96, ya 5L ni 99.5. Gasketi ya injini ndogo ikiwekwa kwenye kubwa, mdomo wake unaingia ndani ya silinda na pistoni inaukanyaga ikifika juu. Ukifungua utaona alama ya nusu mwezi inayong'aa kwenye ukingo wa pistoni. Mwendo wa pistoni juu na chini nao si mmoja: 2L ina milimita 92, wakati 3L na 5L zina 96, maana yake shingo ya krenki inayoshika konrodi (mkono wa pistoni) kwenye 3L inaipandisha pistoni milimita 2 zaidi kutoka katikati ya krenki. Nafasi kati ya pistoni na hedi haifiki hata milimita moja. Anayechanganya krenki za injini hizi kwa sababu "zinaingia" hana haja ya kutafuta kosa jingine.

Jambo jingine la dizeli hizi ni vile vyumba vidogo vya kuchomea vinavyopachikwa kwenye uso wa hedi. Hedi ikinyooshwa bila kuvitoa na kuvirudisha kwa kipimo, au kimoja kikikaa na uchafu chini yake, kinachungulia chini na pistoni inakigonga. Pitisha rula ya chuma juu ya uso wa hedi na utakiona.

Kwenye 1NZ-FE ambako kuna cheni badala ya mkanda, kugota kwa mahali pamoja karibu kila mara ni taiming. Injini hiyo nayo valvu zake zinafikia pistoni. Usiendelee kuvuta "uone itafika wapi", maana valvu hupindwa hata kwa mkono ukiwa na mpini mrefu.

Ikiwa hedi haijafungwa bado na inagota, geuza bloku utazame chini. Nati iliyodondoka, kichwa cha bolti ya konrodi kinachogusa ukuta wa bloku, sampu iliyobonyea ikagusa konrodi, bomba la kuvutia oili lililopinda. Kwa injini zenye vinyunyizio vya oili chini ya pistoni, kama dizeli nyingi za taabo, kinyunyizio kilichosukumwa kidogo wakati wa kuingiza pistoni kinagongwa na sketi yake kila inaposhuka. Haya yanaonekana kwa tochi, hayahitaji kipimo.

Nzito mzunguko mzima

Hapa hedi haihusiki sana, na kazi inarudi kwenye bloku. Kwanza tujue uzito halali ni upi. Krenki ikiwa peke yake kwenye meni zake, zimepakwa oili na kukazwa kwa kipimo, inatakiwa izunguke kwa vidole ukishika flenji ya nyuma, na ukiisukuma iendelee kidogo yenyewe. Ukiongeza pistoni zenye ringi mpya, uzito unapanda sana na hilo ni la kawaida. Watu wengi wanadhani injini imekwama kumbe ni ringi mpya kwenye ukuta wa silinda uliopigwa honi (kusuguliwa kwa jiwe) upya. Kwa silinda nne za ukubwa huu, bila hedi, mimi nikisoma spana ya toki yenye mshale wakati krenki inatembea na nikaona haizidi Nm 30 hivi, nalala. Ikipita 60 nasimamisha kazi. Usisome ile nguvu ya kuianzisha, hiyo siku zote ni kubwa zaidi. Soma ikiwa inatembea.

Fundi mzuri hafiki hapa akiwa gizani, kwa sababu anazungusha krenki baada ya kila hatua: baada ya kila kepu ya meni, baada ya kila pistoni. Pistoni ya tatu ikiingia na uzito ukaruka, mtu hahitaji kuuliza. Kama hukufanya hivyo wakati wa kufunga, utafanya sasa kwa kurudi nyuma. Legeza kepu ya konrodi ya kwanza, isukume pistoni juu isiguse krenki, zungusha. Kisha ya pili. Zote nne zikiwa huru na krenki bado nzito, ni meni. Krenki ikiwa nyepesi, kosa liko kwenye konrodi au kwenye silinda.

Meni

Sehemu hii naipa nafasi kubwa kwa sababu hapa ndipo injini nyingi za mtaani zinakwama, na hapa ndipo mwenye gari anapodanganywa zaidi.

Legeza kepu za meni moja moja, robo mzunguko tu, ukizungusha kila mara. Kepu ikiiachia krenki, simama hapohapo. Itoe, uitazame.

La kwanza ni mpangilio. Kepu za meni zilitobolewa pamoja na bloku, zikiwa zimefungwa mahali pake, kwa hiyo kepu ya pili haiwezi kukaa kwenye kiti cha nne hata kama bolti zinaingia. Toyota huandika namba na mshale unaoelekea mbele, upande wa puli. Kepu iliyogeuzwa nyuma mbele inabana krenki vilevile kama iliyobadilishwa kiti.

La pili ni beringi zenyewe. Zigeuze usome mgongoni. STD ni saizi ya kiwandani; 025, 050, 075 ni za krenki iliyosagwa kwa sehemu za milimita. Vifaa vya soko la Marekani huandikwa kwa inchi, hivyo 010 ni sehemu 10 za elfu moja za inchi, ambazo ni sawa na karibu milimita 0.25. Krenki iliyosagwa 0.25 ikipewa beringi ya 0.50, haitazunguka. Fungua kila pakiti na usome kila nusu. Imewahi kuonekana pakiti ya 0.25 yenye nusu moja ya 0.50 ndani yake, na kepu moja ikiwa nzito wakati nyingine nne ni nyepesi, hilo ndilo la kutazama mwanzo.

La tatu ni tundu la oili. Nusu ya juu ina tundu na mfereji, inakaa kwenye bloku. Ikiwekwa chini, injini inaweza kuzunguka kwa mkono vizuri kabisa na kufa dakika ya kwanza ikiwashwa. Si dalili ya leo, lakini kepu ukishaishika, tazama.

La nne ndilo linaloniudhi. Bloku iliyowahi kupitia mikono ya mtu aliyepiga tupa kepu. Beringi zilipolegea zamani, badala ya kununua mpya, alisugua uso wa kepu ili ishuke na kubana. Au alitia kipande cha bati la kopo au karatasi ya sigara mgongoni mwa beringi. Injini ikaenda miezi michache, gari likauzwa. Leo umeweka beringi mpya kwenye tundu ambalo si duara tena: juu na chini ni finyu, pembeni ni pana. Itabana, na hakuna saizi ya beringi ya dukani itakayoponya. Weka kepu bila beringi, ikaze kwa kipimo, upime kipenyo cha tundu wima na mlalo kwa maikromita ya ndani. Ukikuta tofauti, bloku inarudi kwa wachongaji kutobolewa mstari upya. Usoni mwa kepu mikwaruzo ya tupa huonekana kwa macho: inakwenda upande mmoja, wakati ya mashine imetulia na inalingana.

Pima nafasi ya oili kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki unaouzwa kwenye kibahasha cha karatasi. Futa oili yote kwenye shingo ya krenki na kwenye beringi. Kata uzi wa urefu wa upana wa beringi, ulaze kwenye shingo kufuata urefu wa krenki, funga kepu, kaza kwa kipimo kamili, na usiizungushe krenki hata kidogo. Fungua. Uzi umebondeka ukawa utepe. Linganisha upana wake na michoro iliyochapwa kwenye kibahasha. Utepe mpana maana yake nafasi ni ndogo. Uzi wa kijani unapima kati ya milimita 0.025 na 0.076, na injini nyingi za magari madogo zinataka meni ziangukie humo. Utepe ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, shingo imesagwa na mteremko. Uzi ukiwa umepondwa hadi kuwa kama rangi tu, hakuna nafasi ya oili, na umepata jibu.

Uchafu nao. Punje moja ya mchanga au kipande cha uzi wa kitambaa kati ya beringi na kiti chake kinaiinua beringi mahali pamoja, na ukitoa krenki utaona doa dogo linalong'aa hapo. Kiti na mgongo wa beringi vinafungwa vikiwa vikavu na safi. Oili ni ya upande wa krenki. Matundu ya bolti yaliyojaa oili au maji ya kuoshea nayo yanakudanganya: bolti inafika kwenye kipimo cha toki ikiwa haijaishika kepu, au inapasua bloku.

Kama kila kepu moja moja ni sawa lakini zote tano pamoja ni nzito, shuku mstari. Injini iliyochemka sana bloku yake inaweza kupinda, na krenki iliyoanguka au kuhifadhiwa vibaya inapinda pia. Ilaze krenki kwenye viti viwili vya mwisho tu, beringi za kwenye bloku zikiwa zimepakwa oili, weka dayo geji (saa ya kupimia mchezo) katikati, zungusha. Kama mshale unacheza zaidi ya kipimo cha kitabu, ambacho kwa kawaida ni sehemu chache za mia za milimita, krenki imepinda.

Kona za shingo nazo. Msagaji akiacha kona nene kuliko ya kiwandani, ukingo wa beringi unapanda juu ya kona hiyo na kubana. Beringi itakuonyesha mstari mwembamba uliosuguliwa pembeni kabisa, katikati kukiwa safi.

Mwisho wa meni ni thrasti washa, zile nusu duara zinazozuia krenki isitembee mbele na nyuma. Kwa injini nyingi za silinda nne zinakaa kiti cha katikati. Mifereji yake ya oili inatazama krenki, haitazami bloku. Zikiwekwa nene kupita kiasi, au moja ikadondoka ikabanwa chini ya kepu, krenki inakwama kabisa. Piga krenki mbele na nyuma kwa bisibisi kubwa: lazima usikie mgongano mdogo, tik, tik. Kwenye injini za aina hii nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.04 na 0.25 hivi. Pasiposikika kitu, usiendelee.

Konrodi

Kila konrodi na kepu yake ni ndoa moja. Kepu ikigeuzwa, vile vidole vya kushikia beringi vinakaa pande tofauti badala ya upande mmoja, na injini inabana. Tahadhari ya Toyota: namba 1, 2 au 3 iliyopigwa kwenye konrodi kwa injini nyingi ni daraja la saizi ya beringi, si namba ya silinda. Mtu akipanga konrodi kwa kuifuata namba hiyo anachanganya kila kitu kwa nia njema. Weka alama zako mwenyewe kabla ya kufungua.

Kipimo cha haraka ni kushika konrodi iliyokwisha kukazwa na kuisukuma pembeni, mbele na nyuma kwenye shingo yake. Inatakiwa iteleze kwa vidole na kugonga kidogo kila upande. Isiyoteleza imebana, au imegeuzwa na ubavu wake mnene unasugua krenki. Konrodi za kisasa ambazo kepu yake ilipasuliwa kiwandani badala ya kukatwa zinahitaji usafi zaidi, maana punje kwenye ule uso wa mpasuko inatosha kuharibu duara.

Pistoni na ringi

Pistoni ikitolewa kwenye krenki na bado haisogei kwenye silinda kwa kusukumwa na mpini wa nyundo, kesi ni ya silinda. Itoe, vua ringi, uirudishe ikiwa uchi. Pistoni isiyo na ringi inashuka yenyewe taratibu kwenye silinda iliyopakwa oili. Ikikwama, saizi si yake: bloku imechongwa 0.50 na pistoni ni ya 1.00, au silivu (bomba la ndani la silinda) iliyopigwa presi imejikunja. Silivu mpya hupimwa baada ya kupigwa, na kuchongwa baada ya kupigwa. Kwenye injini za malori zenye silivu za maji, mpira wa chini ukijikunja au ukiwa mnene unaibana silivu kutoka nje, na pistoni inakuwa nzito ikifika chini tu.

Pistoni uchi ikishuka vizuri, basi ni ringi. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kanuni ya zamani ni takribani milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, kwa hiyo 3L yenye 96 inakaribia 0.38. Ncha zinazogusana kwenye injini baridi zitabana hata kabla haijapata moto.

Ringi ya oili ndiyo inayowatesa wengi. Ile springi ya katikati yenye mikunjo ncha zake zinatakiwa zigusane uso kwa uso. Zikipandana, moja juu ya nyingine, ringi nzima inatoka nje kuliko mfereji wake na inasukuma ukuta kwa nguvu za ajabu. Kwa nje huoni kitu. Vua uti wa juu wa ringi kwa ukucha, zungusha springi hadi uone ncha zake, uhakikishe hazijapandana, ndipo urudishe. Ringi iliyovunjika wakati wa kuingizwa kwenye silinda hutoa sauti ya mkwaruzo na kuacha mstari mmoja wima ukutani. Hiyo hairekebishwi kwa oili.

Ilikuwa inazunguka, ikakataa baada ya gia boksi

Kwenye gari la otomatiki, karibu kila mara ni tokokonvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) ambayo haikuzama hadi mwisho kwenye pampu ya gia boksi. Fundi anaona kengele (mdomo mpana) ya gia boksi imebaki na mwanya wa sentimita moja, anaikaza kwa bolti. Bolti zinaivuta, konvata inaisukuma krenki mbele, thrasti washa zinabanwa, injini inakwama. Mbaya zaidi, meno ya pampu yanavunjika. Kengele inatakiwa ikae usoni kwa bloku kwa mikono mitupu. Ikishakaa, konvata lazima izunguke huru na uweze kuivuta milimita chache kuelekea pleti ya flaiwili. Toa gia boksi, izungushe konvata ukiisukuma ndani hadi ishuke ngazi zote, ndipo urudishe.

Kwa gia za mkono angalia bolti za flaiwili kama ni ndefu kuliko zake, bati la kuzuia vumbi kama limepinda likagusa flaiwili, na shafti ya gia kama inagonga mwisho wa tundu la krenki.

Ilizunguka mwezi uliopita

Injini ikifungwa ikaachwa kusubiri hela ya pampu au ya nozeli, hasa Dar, Tanga au Mombasa kwenye hewa ya chumvi, ringi zinashika kutu ukutani. Silinda iliyopigwa honi haina kinga yoyote. Changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na dizeli, mimina kijiko kimoja au viwili kila tundu, acha usiku kucha, kisha itikise mbele na nyuma kidogokidogo kwa mpini mfupi, bila kuirukia. Ikiachia, usiridhike: fungua hedi utazame. Mstari mwekundu unaofutika kwa kitambaa ni habari njema. Mstari huo ukiacha shimo linaloshika ukucha, silinda hiyo inarudi kwenye honi au kwa wachongaji.

Ikishazunguka

Rudisha vifaa kwa mpangilio, ukizungusha baada ya kila kimoja. Ukishafunga mkanda au cheni ya taiming, zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono na uhakikishe alama zote zimerudi mahali pake. Toa kimiminika chochote kilichobaki kwenye silinda. Jaza oili, acha plagi zikiwa nje, kata umeme wa dizeli kwa kuchomoa waya wa solenoidi ya pampu, kisha piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime au geji ipande. Baada ya hapo ndipo urudishe plagi na kuiwasha.